Maziwa yalimwagwa, ng'ombe hakuulizwa: kisa cha Bovaer

Mwishoni mwa 2024 zilizunguka sana zile klipu za Waingereza wanamwaga maziwa, nadhani wengi mliziona. Mtu anafungua dumu la maziwa halijaguswa, anamimina lote kwenye sinki, mwingine anamimina chooni kabisa, mwingine anatupa siagi kwenye pipa la taka. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa watano huku Arumeru, naamka saa kumi na nusu alfajiri kukamua, najua lita mbili zinatoka wapi, kwa hiyo ziliniuma kwelikweli, afu nikajiuliza hawa watu wameona nini mpaka wamwage chakula. Ndo nikaanza kufuatilia hii habari ya Bovaer, kiongezi cha chakula cha ng'ombe, na sijaacha mpaka leo, maana haikuishia kwenye masinki ya Uingereza, mwaka mmoja baadaye ikaibukia Denmark mle mle ndani ya mabanda, na nilipoziweka hizo habari mbili pamoja ndo nikaona tatizo lenyewe lilipo. Naandika yote hapa, ni ndefu, vumilieni.

Tarehe 26 Novemba 2024 Arla walitangaza kwamba wanaanza majaribio ya Bovaer kwenye mashamba kama 30 ya Uingereza, wakishirikiana na supamaketi tatu, Tesco, Morrisons na Aldi. Arla kwa asiyewajua ni ushirika, tena mkubwa, wenye mali ni wafugaji wa Denmark, Sweden, Uingereza, Ujerumani na majirani zao, ndo wenye siagi ya Lurpak. Na Bovaer ni unga wa kuchanganya kwenye chakula cha ng'ombe, unatengenezwa na kampuni ya dsm-firmenich ya Uswisi na Uholanzi, kiini chake ni kemikali inayoitwa 3-nitrooksipropanoli, wataalamu wanafupisha 3-NOP. Kazi yake ni moja tu, kupunguza methani.

Sasa hiyo methani inatoka wapi. Ng'ombe akila majani yanaingia tumbo la kwanza, lile kubwa, na humo ndani mambo yanachachuka muda wote kama pipa la pombe ya kienyeji, kuna vijidudu mabilioni vinavunja majani na katika kuvunja inatoka haidrojeni. Kuna kundi jingine la vijidudu, arkea, lenyewe linachukua hiyo haidrojeni pamoja na kaboni dioksaidi linatengeneza methani, ng'ombe anaitoa kwa kupiga mbweu. Watu wanapenda kusema ni ushuzi, hapana, zaidi ya asilimia 90 inatokea mbele. Ng'ombe mmoja mkubwa wa maziwa anatoa mamia ya lita za gesi hiyo kwa siku, na kwa mfugaji hiyo ni hasara pia maana kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu iliyokuwemo kwenye chakula inapotelea hewani. Kwa dunia shida ni joto. Ukipima kwa miaka 20 methani inapasha joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule, ila haidumu, ndani ya miaka kama 12 inavunjika. Ndo maana serikali zinaikimbilia, ukiikata leo matokeo yanaonekana mapema, na kule Glasgow mwaka 2021 nchi zaidi ya 100 ziliahidi kuipunguza kwa asilimia 30 kufikia 2030.

Kinachofanywa na 3-NOP ni kuziba kimeng'enya ambacho arkea wanakitumia kwenye hatua ya mwisho kabisa ya kutengeneza hiyo methani. Robo kijiko cha chai kwa ng'ombe kwa siku, basi. Jaribio lililoipa jina lilifanyika Chuo Kikuu cha Penn State huko Marekani na kuchapishwa 2015, ng'ombe 48 wa Holstein, wiki 12, methani ikashuka kama asilimia 30, ulaji ukabaki palepale na maziwa yakabaki palepale. Maziwa hayakushuka, sawa, ila hayakupanda pia, hilo nawaomba mlishike tutarudi nalo. Baada ya hapo vibali vikafuatana, Brazil na Chile 2021, Umoja wa Ulaya Februari 2022, Uingereza Desemba 2023, Canada na Marekani 2024. Kwa hiyo siku Arla wanatangaza, kibali cha Uingereza kilikuwa na karibu mwaka mzima, hamna sheria iliyovunjwa.

Ndani ya siku chache moto ukawaka. Nimepitia yaliyosemwa na mengi yanarudi kwenye mambo mawili. Moja ni Bill Gates, kwamba huu ni mradi wake wa kutia watu sumu. Hilo halina msingi, Arla walikanusha na kampuni ikakanusha, na ukitafuta unakuta fedha za Gates zimo kweli kwenye biashara ya kupunguza methani ya ng'ombe ila ni kwenye kampuni ya Australia inayoitwa Rumin8, mfuko wake wa uwekezaji uliingia huko mwanzoni mwa 2023, na Rumin8 wanatengeneza kitu kingine kabisa, yaani hao na Bovaer ni washindani wa soko moja. 

La pili ni lebo, na hili nalipa heshima zaidi kwa sababu watu walikuwa wameshika karatasi halisi mkononi. Lebo na barua za vibali zinasema unga huo sio wa binadamu, anayeushika avae kinga, ukiuvuta unaweza kukudhuru, unawasha macho na ngozi, unaweza kuathiri uzazi wa mwanaume. Mtu wa mjini anayesoma hivyo wakati chupa ya maziwa iko mezani na watoto wanakunywa, mwache aogope, ana haki. Ila mfugaji akisoma anaelewa tofauti. Huku kwetu kila anayeogesha ng'ombe dawa ya kupe anajua lile dumu lina onyo gani, tunavaa glovu, tunakaa upande upepo unakotoka, mtoto hasogei, na ng'ombe yuleyule tunamkamua tukishafuata siku zilizoandikwa. Onyo la dumu ni la yule anayechanganya. Swali la mnywaji ni jingine, je kitu kikishapita ndani ya ng'ombe kinabaki nini kwenye maziwa. Na hapo jibu lilikuwepo, 3-NOP inavunjikavunjika tumboni ndani ya saa chache, na mamlaka ya chakula ya Uingereza, ile FSA, ikatoka mwanzoni mwa Desemba ikasema wazi maziwa ya ng'ombe waliokula Bovaer ni salama kunywa na kiongezi chenyewe hakipiti kwenye maziwa. Mimi hilo nalikubali. Nimetafuta ushahidi wa maziwa kudhuru mtu, sijaupata, na yale maziwa yaliyomwagwa yalikuwa maziwa mazuri.

Lakini nisiishie hapo maana wengi wanaoandika juu ya kisa hiki wanaishia hapo, wanasema umbea umeshindwa sayansi imeshinda. Kwa nini Waingereza hawakuamini? Jamani hawa ndio watu wa ng'ombe kichaa! Miaka ya 80 viwanda vya chakula cha mifugo vilikuwa vinasaga nyama na mifupa ya wanyama vinachanganya kwenye chakula cha ng'ombe, mnyama wa majani analishwa mnyama mwenzake, ugonjwa ukaingia, na serikali kwa miaka ikawa inawaambia watu nyama ya ng'ombe ni salama. Mei 1990 waziri wa kilimo John Gummer alisimama mbele ya kamera na binti yake mdogo wa miaka minne akimpa baga ili taifa lione hakuna shida. Machi 1996 serikali hiyohiyo ikasimama bungeni kukiri kwamba ugonjwa wa ng'ombe una uhusiano na ugonjwa wa ubongo unaoua binadamu. Zaidi ya watu 170 walikufa Uingereza, wengi vijana, na ng'ombe waliochinjwa na kuchomwa ni mamilioni. Mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati wa ile baga, 2024 ana miaka 54, ana wajukuu pengine, leo unamwambia kuna unga mpya kwenye chakula cha ng'ombe na serikali imesema salama, unategemea akupigie makofi?

Na kipindi kile hakikuwa cha kawaida. Tarehe 19 Novemba, siku saba kabla ya tangazo la Arla, wafugaji na wakulima maelfu walikuwa barabarani London wanaandamana kupinga kodi mpya ya urithi wa mashamba. Nchi nzima ilikuwa inazungumzia shamba, nani anamiliki, nani anamwamulia mkulima. Halafu anakuja mkubwa wa maziwa anatangaza jambo lililokwisha kuamuliwa, mashamba hayatajwi, chupani hakuna lebo inayotakiwa kisheria, na maziwa yanaingia kwenye mnyororo wa supamaketi tatu ambazo nusu ya nchi inanunua humo. Mtu aliyetaka kukaa pembeni hakupewa njia ya kukaa pembeni. Njia pekee aliyobaki nayo ni kuacha kununua Arla au kumwaga alichonunua. Ndo akamwaga.

Sasa hapa ndo nafika kwenye lile lililonifanya niandike. Katika kelele yote ile, upande wa wanaopinga na upande wa wanaotetea, swali lilikuwa moja tu, maziwa yana sumu au hayana. FSA wakajibu maziwa, wanasayansi kwenye redio wakajibu maziwa, Arla wakajibu maziwa. Mashaka yote yakaelekezwa kwa mnywaji. Ng'ombe ambaye ndiye anameza unga, na mfugaji ambaye ndiye anasimama naye asubuhi na jioni, sikuona mtu anawauliza.

Mfugaji angeulizwa angetaka kujua mambo mengine kabisa. Angeuliza hao ng'ombe wa majaribio walikula nini. Kwa sababu imeshajulikana miaka mingi kwenye tafiti zilizojumlishwa pamoja kwamba nguvu ya 3-NOP inategemea mlo, chakula kikiwa na nyuzi nyingi inapungua. Na muda je? Uholanzi walifuatilia ng'ombe wa Holstein mwaka mzima, sio wiki 12, wakichapisha 2024, wastani wa mkato ukatoka kama asilimia 21, na ulipanda na kushuka kadri mlo ulivyobadilika. Asilimia 21 sio kidogo, sibezi, ila sio ile 30 inayoandikwa kwenye mabango. Angeuliza pia nikianza ghafla inakuwaje, nikisitisha inakuwaje, mchanganyaji wa chakula akikosea kipimo inakuwaje, ng'ombe aliyezaa juzi naye anapewa? Na angeuliza mimi napata nini. Ile hadithi ya kwamba nguvu iliyokuwa inapotea itarudi kwenye maziwa haijatokea sana, kwenye tafiti nyingi maziwa yanabaki palepale, mafuta ya maziwa yanapanda kidogo. Kwa hiyo faida haionekani kwenye ndoo, inaonekana kwenye hesabu za kaboni za kampuni na za nchi, huku gharama na kazi ya kuchanganya viko bandani.

Haya, Denmark.

Denmark ni nchi ndogo yenye mifugo mingi mno na imeamua kuwa ya kwanza duniani kutoza kodi ya hewa chafu ya mifugo. Makubaliano yalifikiwa Juni 2024, kodi inaanza 2030 kwa kroner 300, pesa ya kwao, kwa kila tani ya kaboni dioksaidi au gesi inayolingana nayo, inapanda mpaka 750 mwaka 2035, na kuna punguzo la asilimia 60 kwa hiyo kinacholipwa kweli ni 120 halafu 300. Kabla ya kodi kuna sharti la chakula. Kuanzia 2025 mfugaji wa kawaida, asiye wa kilimo hai, mwenye ng'ombe wa maziwa zaidi ya 50 alitakiwa achague, aidha aongeze mafuta kwenye chakula cha ng'ombe au awape Bovaer siku zisizopungua 80 kwa mwaka, na serikali ikawa inasaidia gharama.

Hizo siku 80 ndo ziangalieni vizuri. Sheria ilianza Januari lakini wengi hawakuanza Januari, walisubiri, binadamu ndivyo tulivyo na mfugaji ana mambo mia ya kufanya kabla hajagusa chakula cha ng'ombe wanaokamuliwa vizuri. Ukipiga hesabu kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka 31 Desemba ni siku 92. Anayetaka kumaliza siku 80 ndani ya mwaka hana tena nafasi, ana siku 12 tu za akiba. Matokeo yake Oktoba 2025 wafugaji wengi sana wa Denmark wakaanza Bovaer kwa mkupuo, karibu siku zilezile.

Na ndani ya wiki chache simu zikaanza kupigwa. Ng'ombe wanakataa chakula, maziwa yameshuka, wengine wanahara, wengine wana homa, wengine wanaanguka hawainuki, kuna waliokufa au kuchinjwa. Chama cha wazalishaji maziwa kikapaza sauti, televisheni zikaenda mashambani. Baadhi wakasema tulipotoa unga siku chache baadaye ng'ombe wakarudi kawaida. Na niseme haki, wapo wafugaji vilevile waliotumia wakasema hawajaona chochote. Novemba waziri Jacob Jensen na mamlaka ya chakula wakaweka wazi kwamba mfugaji akishuku ng'ombe wake wanaumia anaruhusiwa kusitisha, Chuo Kikuu cha Aarhus wakapewa kazi ya kuchunguza, na Norway kampuni ya maziwa ya Q-Meieriene ikasimamisha kutumia Bovaer kwa tahadhari. Kampuni yenye unga ikasema inalichukulia kwa uzito na kwamba tafiti na matumizi kwenye nchi nyingine hayakuonyesha shida hiyo.

Mliomwaga maziwa mtasema si mnaona! Hapana, tulieni kwanza, maana hawa ng'ombe hawakuwa ushahidi wa madai yale. Sijaona mfugaji wa Denmark aliyesema maziwa yametia mtu sumu, walisema ng'ombe wangu anaumwa. Ni malalamiko tofauti yanayohitaji uchunguzi tofauti.

Na uchunguzi wenyewe ni mgumu. Oktoba ndo mwezi ambao wafugaji wengi wa kule wanafungua saileji mpya ya msimu ule, yaani mahindi yaliyokatwakatwa yakavundikwa shimoni, na kila anayelisha saileji anajua kubadilisha shimo peke yake kunaweza kumvuruga ng'ombe tumbo. Ugonjwa wa ulimi wa bluu ulikuwa umeingia Denmark 2024 na ukaendelea 2025, nao unaleta homa, unashusha maziwa, unamfanya ng'ombe aache kula. Kwenye kundi la ng'ombe mia mbili siku yoyote ile kuna anayeumwa, na ukishaambiwa uangalie dalili utaziona. Kwa hiyo kusema kila aliyeanguka kaangushwa na Bovaer sio sawa.

Ila kusema wafugaji wana hofu tu sio sawa pia, na hapa nina msimamo mkali kidogo. Mtu anayekamua mara mbili kwa siku anamjua ng'ombe wake kuliko daktari anayekuja mara moja kwa mwezi. Mimi ng'ombe wangu akibakiza chakula kwenye hori asubuhi najua kuna kitu kabla sijamshika sikio. Miaka mitatu iliyopita nilibadilisha pumba, duka sitalitaja, lebo ilikuwa ya kawaida na muuzaji akaniapia ni zilezile, siku ya tatu wawili wakaanza kuhara na maziwa yakashuka kutoka lita 14 mpaka 9, niliporudi dukani nikaambiwa labda ni majani yako. Labda kweli ilikuwa majani. Lakini aliyekuwa na wajibu wa kuthibitisha ni nani, mimi mwenye ndoo au wao wenye gunia? Nilipewa jibu ambalo halikuwa na kipimo chochote nyuma yake, na ndicho nilichokisikia tena nikisoma majibu ya kwanza kwa wale wafugaji wa Denmark, kwamba tafiti zinaonyesha salama. Tafiti zinaonyesha salama kwa ng'ombe wale, kwa mlo ule, kwa kipimo kile kilichopimwa na watu wa maabara.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nafasi ya kujua ukweli walikuwa nayo wakaipoteza. Fikiria wangepanga mashamba kwa makundi, kundi hili linaanza Machi, lile linaanza Juni, lingine Oktoba, na lingine linabaki bila mpaka mwakani. Homa ya ulimi wa bluu inakuja kwenye makundi yote, saileji mpya inafunguliwa kwenye makundi yote, ukiona wanaougua ni wale tu walioanza unga basi umejua, na ukiona wanaugua wote umejua pia. Wangeanza na robo ya kipimo kwanza wakapanda taratibu, kila mwenye ng'ombe anajua mlo haubadilishwi ghafla. Badala yake tarehe ya kwenye sheria ndo ikapanga, watu wakaanza wote kwa mkupuo katika mwezi mbaya kuliko yote wa kubadilisha chakula, ikabidi watafiti wakusanye vipande kutoka kwenye makaratasi ya wafugaji waliokwisha kusitisha. Na yule mnyama aliyeanguka hawezi kurudiwa.

Hapo ndo naunganisha na masinki. Uingereza mwaka mmoja kabla wangekuwa wameuliza swali la ng'ombe kwa nguvu ileile waliyouliza la maziwa, Arla na serikali zote za jirani wangelazimika kutoa majibu ya bandani mapema, mashamba mangapi ya kawaida yameshapimwa, mlo gani, ng'ombe wangapi wametolewa kwenye jaribio na kwa nini. Mashaka yalikuwepo mengi ya kutosha. Yalitumika vibaya, yakaenda kwa Bill Gates.

Kuna wanaosema basi tuachane na kemikali twende kwenye mwani. Nimeulizwa sana hili na watu wa Zanzibar hasa, kwamba kina mama wa Paje na Jambiani wana mwani tele, si ndo dawa yenyewe? Mwani unaokata methani sana unaitwa Asparagopsis, ni mwekundu, ulipata sifa kwa kazi ya watafiti wa Australia, kwenye baadhi ya majaribio umekata zaidi ya asilimia 80. Huu wa kwetu unaolimwa ni spinosumu na kotonii, unauzwa kwa ajili ya karajini, kile kitu cha kuzitisha vyakula viwandani, jamii nyingine kabisa. Na Asparagopsis yenyewe inafanya kazi kwa sababu ina bromofomu, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, na Waholanzi walipowapa ng'ombe mwaka 2021 waliikuta kidogo kwenye maziwa na kwenye mkojo na ng'ombe wengine wakasusa chakula. Yaani ile hofu ya watu wa masinki, kitu kupita mpaka kwenye maziwa, ushahidi wake upo kwenye mwani wa asili kuliko kwenye unga wa kiwandani. Mtu asisikie neno asili akalala usingizi.

Huku kwetu watu wanauliza itakuja lini. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 na walio wengi wanachungwa, asubuhi wanatoka jioni wanarudi. 3-NOP ikivunjika ndani ya saa chache maana yake lazima iwemo kwenye kila mlo, imechanganywa sawasawa na mashine, sasa ng'ombe wa Kiteto anayetembea kutwa nzima utamwekea wapi? Na hata sisi wa ndani tunaolisha majani ya tembo, migomba, mabua ya mahindi na pumba kidogo, mlo wetu ni nyuzi tupu, ndo ule ambao dawa inapungua nguvu. Nairobi pale ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kuna kituo kinaitwa Mazingira, wana vyumba maalumu vya kumfungia ng'ombe na kupima anachotoa, na vipimo vyao vimeonyesha zile namba za jumla za kimataifa hazilingani vizuri na ng'ombe wa Afrika. Yaani hata kujua wetu wanatoa kiasi gani ndo kwanza kunaanza. Ng'ombe wa asili anayetoa lita moja au mbili anapiga mbweu siku nzima kwa ajili ya hizo lita mbili, akilishwa vizuri na kutibiwa akatoa nne methani ya kila lita inashuka sana, na hiyo mfugaji anaiona kwenye ndoo siku hiyohiyo.

Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, ndiye aliyenionyesha ile klipu ya kwanza kwenye simu ya mjukuu wake. Juzi nimepita kwake, shikamoo marahaba, akaniuliza, "Mwanangu, ule unga wa Wazungu ukija hapa kwenye ushirika utawapa ng'ombe wako?" Nikamwambia mzee nitataka waje kwanza na mizani yao, wakae hapa bandani kwangu kuanzia masika mpaka kiangazi, wawape wawili na watatu wawaache, kwa majani haya haya, waandike kila siku nani kabakiza chakula na nani maziwa yameshuka, na waseme kwa maandishi ng'ombe akianguka analipa nani. Akanyamaza kidogo akaniambia, "Na mimi waje, ila wale wawili wawachukue kwako."